Ukidhani umepata spishi mpya, jina liache mwisho

Anayekutana na mmea au mdudu asiyejulikana na mtu huwahi kuwaza jina. Atamwita kwa mlima alikomkuta, au kwa mwalimu wake, au kwa mama yake. Furaha hiyo ni ya haki kabisa, lakini jina ni kazi ya siku za mwisho. Kwanza ni sampuli, kisha kupekua majina yaliyokwisha kutolewa, kisha kuandika na kuchapisha kwa namna inayokubalika. Ukiruka mojawapo, jina lako zuri litabaki maneno matupu.

Jina la kisayansi limefungwa kwenye kitu kinachoshikika: sampuli moja iliyotunzwa kwenye jumba la makumbusho au hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa), yenye namba yake. Wataalamu huiita holotaipu. Maana ya jina haina uzito wowote kisheria. Mwaka 1758 Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi, alimwita ndege mmoja *Paradisaea apoda*, yaani "asiye na miguu", kwa sababu ngozi zilizofika Ulaya zilikuwa zimekatwa miguu. Ndege huyo ana miguu yake miwili, na jina lipo vilevile. *Scilla peruviana* kwao ni magharibi mwa Mediterania, wala si Peru. *Basilosaurus* ni "mfalme wa mijusi", ilhali ni nyangumi wa kale. Makosa hayo yote yameachwa yalivyo.

Kosa la sampuli ndilo linalotikisa nyumba. Mwangalie tembo wa Asia, *Elephas maximus*. Linnaeus alipomwandika mwaka 1758 alichanganya humo kila alichojua kuhusu tembo, wa Asia na wa Afrika pamoja. Kati ya vitu alivyotegemea kulikuwa na kijusi cha tembo kilichohifadhiwa ndani ya chupa ya pombe, ambacho hadi leo kipo Stockholm, na kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa ndicho kinachobeba jina. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepima protini na DNA yake, na kijusi ni cha tembo wa Afrika. Kwa kuwa jina hufuata sampuli, chupa ile moja ingeweza kuvuruga majina ya wanyama wawili wanaojulikana dunia nzima. Kilichookoa ni kwamba Linnaeus alikuwa ametaja pia maelezo ya John Ray, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, aliyejionea mifupa ya tembo huko Florence. Mifupa hiyo bado ipo, ni ya tembo wa Asia, na ikateuliwa kuwa lektotaipu, yaani sampuli iliyochaguliwa baadaye kulibeba jina pale ambapo mwandishi wa kwanza hakuteua moja.

Kwa hiyo ukiwa porini, fikiria mtu atakayefungua kabati miaka mia mbili baadaye. Mmea uchukue ukiwa na maua, na matunda ikiwezekana, kisha ukandamize kati ya karatasi za gazeti na kuzibadilisha kila siku hadi ukauke. Toa nakala tatu au nne kutoka mmea uleule: moja itakuwa holotaipu, nyingine ni isotaipu za kupeleka hebaria nyingine, maana nyumba huungua. Vipande vichache vya jani viweke ndani ya silika jeli, punje zinazofyonza unyevu, kwa ajili ya DNA. Andika papo hapo yale yanayopotea mmea ukikauka: rangi ya ua, harufu, utomvu, urefu wa mti, sura ya gome. Ongeza tarehe, majira-nukta ya GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari na aina ya udongo. Sampuli isiyo na mahali wala tarehe ni pambo tu.

Wadudu wana taratibu zao. Mbawakawa huchomwa pini kwenye bawa gumu la kulia, ili upande wa kushoto ubaki mzima wa kuchunguzwa. Viumbe laini hukaa kwenye ethanoli ya asilimia 70 ikiwa unataka umbo, na asilimia 95 au zaidi ikiwa unataka DNA. Fomalini hulinda umbo vizuri lakini huiharibu DNA, kwa hiyo kata kwanza kipande cha msuli, kihifadhi kwenye ethanoli, ndipo utumbukize mwili. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye pombe, na karatasi iliyobandikwa nje hubanduka, nawe unabaki na chura asiye na historia.

Kibali cha kukusanya kiwepo kabla ya safari, na cha kusafirisha kama sampuli itavuka mpaka. Makumbusho mengi na majarida mengi hayapokei kitu kisicho na karatasi zake.

Je, picha pekee inatosha? Kwa wanyama imewahi kukubalika, lakini ubishi hauishi. Kipunji, nyani wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, alitangazwa mwaka 2005 kwa jina *Lophocebus kipunji*, na holotaipu yake ilikuwa mnyama aliyeonyeshwa kwa picha. Baadaye alipatikana dume mchanga aliyekufa kwenye mtego wa mkulima. Mwili huo ulipochunguzwa, mwaka 2006 akahamishiwa jenasi mpya (jenasi ni kundi la spishi za karibu, nayo ndiyo neno la kwanza la jina), *Rungwecebus*. Mzoga mmoja ulisema yale ambayo picha haikuweza kusema.

Sasa upekuzi. Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo penye kuhitaji subira kuliko pengine popote. Majina ya wanyama huanza kuhesabiwa tarehe 1 Januari 1758, na ya mimea tarehe 1 Mei 1753, siku iliyowekewa kitabu cha Linnaeus cha spishi za mimea. Lililochapishwa kwanza kihalali ndilo linaloshinda. Usitafute majina yanayotumika leo tu. Pitia na sinonimu, yaani majina yaliyowekwa kando kwa kudhaniwa kuwa ni kiumbe kilekile. Mara nyingi "spishi mpya" huwa imelala humo tangu karne ya 19, ikisubiri mtu wa kuiamsha. Kwa mimea anzia hifadhidata ya IPNI, kwa kuvu Index Fungorum na MycoBank, kwa wanyama ZooBank, na machapisho ya zamani utayapata bure kwenye Biodiversity Heritage Library. Kisha ziangalie holotaipu za jamaa zake wa karibu. Maelezo ya mwaka 1850 huwa ni mistari mitatu. Sampuli yenyewe ndiyo yenye majibu.

Angalia pia kama jina unalolitaka limeshachukuliwa. Yule mnyama wa Australia mwenye mdomo kama wa bata aliitwa *Platypus* mwaka 1799, lakini jina hilo lilikuwa tayari la mbawakawa tangu 1793, ndiyo maana leo ni *Ornithorhynchus*. Mnyama na mmea, hata hivyo, wanaweza kuwa na jina moja, kwa sababu kila upande una kanuni zake: *Morus* ni mforsadi, na *Morus* ni ndege wa baharini.

Sheria ya utangulizi, kwamba jina la kwanza ndilo linaloshinda, ina mlango mdogo wa huruma. Kwa wanyama, jina la zamani lililosahaulika linaweza kuwekwa kando ikiwa halikutumiwa kama jina halali baada ya 1899, na lile jipya limetumiwa katika machapisho yasiyopungua 25, ya waandishi wasiopungua 10, ndani ya miaka 50 iliyopita, kwa kipindi kisichopungua miaka 10. Masharti hayo yote yatimie.

Tukifika kwenye jina lenyewe, msemaji wa Kiswahili ana faida ambayo wengi hawana: amezaliwa ndani ya upatanisho wa kisarufi. Hatusemi "kiti mkubwa". Kilatini nacho ni hivyohivyo. Jenasi ni nomino yenye jinsia, na jina la pili likiwa kivumishi huifuata: *-us* kwa kiume, *-a* kwa kike, *-um* kwa kati. Ua linalojulikana kama urujuani wa Usambara liliitwa *Saintpaulia ionantha* mwaka 1893. Lilipohamishiwa jenasi *Streptocarpus*, ambayo ni ya kiume, likawa *Streptocarpus ionanthus*. Mmea uleule, mkia mwingine.

Mitego ni hii. Miti mingi inayoishia *-us* ni ya kike, ndiyo maana tunaandika *Quercus alba* na *Pinus nigra*. Maneno ya Kigiriki yanayoishia *-ma* yanafanana na ya kike ilhali ni ya jinsia ya kati, kama *Schistosoma haematobium*, kimelea cha kichocho. Mwisho *-ensis*, unaoonyesha mahali, hutumika kwa kiume na kike, na jinsia ya kati huchukua *-ense*. Nomino haifuati chochote: *Panthera* ni ya kike lakini chui ni *Panthera pardus*, kwa kuwa *pardus* ni jina la mnyama, si sifa.

Ukimtukuza mtu, mwanaume mmoja huchukua *-i*, mwanamke mmoja *-ae*, kundi la wanaume au mchanganyiko *-orum*, kundi la wanawake *-arum*. Kwa mimea, jina la mwanaume linaloishia konsonanti kwa kawaida huchukua *-ii*, isipokuwa likiishia *-er*. Lakini si kila *-ae* ni ya mwanamke. Silikanti aliitwa *Latimeria chalumnae* mwaka 1939: jenasi inamtukuza Marjorie Courtenay-Latimer, aliyemtambua samaki huyo kuwa si wa kawaida Desemba 1938, na *chalumnae* ni "wa Chalumna", mto ulio karibu na alikovuliwa huko Afrika Kusini.

Jina la lugha ya wenyeji linaruhusiwa, nasi tunalipenda, kwa sababu mara nyingi wenyeji ndio waliomjua kiumbe kwanza. Andika wazi kwamba ni nomino na haibadiliki, ili mtu asije akaligeuza baadaye, na ueleze lilikotoka. Ritifaa na alama za juu ya herufi huondolewa, kwa hiyo *ng'* itabaki *ng*. Kurudia jenasi kama jina la spishi, kama *Gorilla gorilla*, ni halali kwa wanyama na marufuku kwa mimea. Kujipa jina lako mwenyewe ni aibu, hata kama hakuna wa kukuzuia.

Uchapishaji una masharti ya tarehe, na hapa kosa dogo hufuta kila kitu. Jina lililotajwa bila maelezo ya sifa huitwa *nomen nudum*, jina uchi, na halina haki yoyote. Gazeti, bango la mkutano au ukurasa wa kawaida wa intaneti havihesabiki, na tasnifu usiitegemee. Tangu 2012 mimea inaweza kuchapishwa kielektroniki kwa PDF yenye ISSN au ISBN (namba za utambulisho za majarida na vitabu), na maelezo au utambulisho wake uwe kwa Kilatini au Kiingereza. Kuvu, tangu 2013, sharti ziwe na namba ya usajili ndani ya chapisho. Chapisho la kielektroniki la mnyama lazima lisajiliwe ZooBank kwanza, na ushahidi wa usajili uonekane ndani yake. Kabla ya ruhusa hiyo, mwaka 2009, jarida lililomtangaza *Darwinius masillae*, mnyama wa kale wa jamii ya nyani, lilikuwa la mtandaoni tu, ikabidi nakala za karatasi zichapwe ili jina lisimame. Kwa wanyama hakuna lugha iliyolazimishwa. Hata Kiswahili kingekubalika.

Andika *sp. nov.*, yaani "spishi mpya", waziwazi, taja holotaipu, namba yake na taasisi inayoitunza. Kisha toa utambulisho kwa kulinganisha. "Ni mrefu kuliko jamaa yake" haisaidii mtu. "Bua sm 40–65, si sm 15–30, petali 6, si 5" inasaidia, ukitaja ulipima sampuli ngapi.

Bakteria wana ugumu wao: bakteria hai waliooteshwa maabara sharti wawekwe kwenye hazina mbili zilizo nchi mbili tofauti.

Kwa wanaoyatumia majina tu: jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, yote mawili kwa herufi za mlazo, au kupigiwa mstari ukiandika kwa mkono. Jina la mwandishi halilazwi. Mabano yana maana: simba ni *Panthera leo* (Linnaeus, 1758) kwa sababu Linnaeus alimwita *Felis leo*, akahamishwa baadaye. Ukiongeza mabano yasiyohitajika umesema uongo. Mara ya kwanza andika jina zima, maana *E. coli* inaweza kuwa *Escherichia coli*, bakteria, au *Entamoeba coli*, amiba ya utumbo, na wote wawili hukaa sehemu moja ya mwili.

Na majina yakibadilika usikasirike kabla ya kuuliza sababu. Migunga ya Afrika ilitolewa kwenye *Acacia* baada ya uamuzi wa mwaka 2005 uliolipa jina hilo kundi la Australia. *Acacia tortilis* sasa ni *Vachellia tortilis*, na *Acacia senegal* ni *Senegalia senegal*. Wengi Afrika waliumia, na tunaona walikuwa na haki ya kuumia. Mwaka 2024, huko Madrid, wataalamu wa mimea walipiga kura kuondoa neno la matusi lililokuwa ndani ya majina kama *Erythrina caffra*, ambayo sasa ni *Erythrina affra*. Kwenye lebo za zamani usifute jina la kwanza. Weka lebo mpya pembeni yake, yenye jina jipya, tarehe na jina la aliyethibitisha.