Ramani ya tornado inachora uharibifu, si upepo

Mkuu, umeuliza kama sehemu zenye nyekundu iliyokolea kwenye ramani za tornado (kisulisuli kikali kinachoshuka kutoka wingu hadi ardhini) za Marekani ndizo zilizopigwa na upepo mkali kuliko zote, na kama penye weupe pana usalama. Nimezichora ramani hizo kwa miaka kadhaa, na jibu langu kwa yote mawili ni hapana.

Rangi hufuata kipimo cha EF (Enhanced Fujita, yaani Fujita kilichoboreshwa), chenye madaraja kutoka EF0, dhaifu, hadi EF5, kali kuliko yote. Kilianza kutumika Marekani Februari 2007, kikichukua nafasi ya kile alichokibuni Tetsuya Fujita mwaka 1971. Vyote viwili hutazama uharibifu. Wakaguzi hufika baada ya tornado kupita, wakaona kilichovunjika, ndipo wakakadiria upepo. Viashiria ni 28: nyumba, shule, nguzo za umeme, hata miti. Nyumba ikifagiliwa ukabaki msingi mtupu, mkaguzi huinama kwenye kingo za msingi ule: kuta zilifungwa kwa bolti na nati, au zilipigiliwa misumari tu? Zikiwa za misumari, makadirio hushushwa, kwa kuwa upepo mdogo zaidi ungeweza kuzing'oa.

Chukua El Reno, Oklahoma, 31 Mei 2013. Tornado ile ilikuwa na upana wa kilomita 4.2, na rada zilizobebwa na magari zilisoma upepo wa karibu kilomita 480 kwa saa. Iliua watu 8, akiwemo mtafiti Tim Samaras. Rasmi ni EF3, kwa sababu ilipita zaidi mashambani na majengo ya kuipima yalikuwa machache. Siku 11 kabla, Moore, mji wa jimbo hilohilo, ulipigwa na EF5. Ukitazama rangi peke yake utadhani El Reno ilikuwa ndogo, jambo ambalo linanisikitisha kila nikiiona ramani ya aina hiyo ikisambazwa bila maelezo.

Weupe nao una sababu zake. Rada za Doppler, zinazoweza kusoma mwendo wa upepo ndani ya dhoruba, zilienea Marekani miaka ya 1990. Kabla ya hapo tornado dhaifu iliyopita pasipo watu mara nyingi haikuandikwa popote. Kwa hiyo ongezeko la EF0 (F0 kwa kipimo cha zamani) kwenye kumbukumbu, ambazo zinaanzia 1950, kwa sehemu kubwa ni ongezeko la macho ya kuziona, si la tornado zenyewe. Madaraja mengi ya miaka ya mwanzo yalitolewa baadaye sana, kwa kusoma habari za magazeti.

Ukishusha faili lenyewe la kumbukumbu hizo, angalia safu za latitudo na longitudo za mahali tornado ilipoishia. Nyingine zina sifuri mbili, yaani hapakuandikwa kitu. Usipozichuja, programu itakuchorea mistari mirefu kutoka Kansas hadi Ghuba ya Guinea, pwani ya Afrika Magharibi, ambako ndiko latitudo 0 na longitudo 0 hukutana.

Kwa swali la wapi tornado hupiga zaidi, mimi huacha EF0, nachukua EF1 kwenda juu, kisha nachora msongamano badala ya nukta, maana nukta hufuata miji na barabara. Kwa swali la ukali, usipake njia nzima rangi moja. Daraja linalotangazwa ni la pale palipoharibika zaidi. Tornado ya EF4 inaweza kuwa imefikia kiwango hicho kwa mita mia chache tu, kwingine ikawa EF1. Tafuta ramani zenye alama za ukaguzi nyumba kwa nyumba, uchore kutoka hapo.