Taa ya oili ikiwaka, pima presha kwanza

Gari la kwanza nililoachiwa niliangalie peke yangu lilikuja na taa nyekundu ya oili. Lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu kadhaa, na mwenye nalo wa wakati huo alisema taa inawaka akisimama, akikanyaga mafuta inazimika. Nikafanya nilichokuwa nikiwaona wengi wakifanya: nikabadilisha swichi ya oili, ile inayofungwa kwenye injini na kuiwasha taa. Taa haikubadilika. Nikamwaga oili nikaweka nzito, 20W-50, ingawa kitabu cha gari kilitaka 5W-30, iliyo nyepesi zaidi. Taa ikazimika, mtu akaondoka na furaha. Siku ya nne gari lilirudi likivutwa kwa kamba, injini inagonga. Presha ilikuwa ndogo tangu mwanzo, ila oili nzito iliificha. Bado inaniuma, kwa sababu yule mteja aliwahi. Alilileta wakati ambapo bado lilikuwa linaokoleka.

Kwa hiyo wewe unayeanza ufundi, shika hili: taa ile haisomi kiasi cha oili, inasoma presha. Kwenye injini nyingi swichi yake huwasha taa presha ikishuka hadi kama bar 0.3 au 0.5 hivi (bar ni kipimo cha presha). Hicho ni kidogo mno. Injini isiyo na kasoro iliyopata moto, ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa kawaida huwa na zaidi ya bar 2. Maana yake taa ikiwaka, hapajabaki kitu. Kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haikai juu ya beringi chuma kwa chuma, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ukikatika beringi huharibika upesi sana. Mteja akikupigia yuko njiani, mwambie azime injini hapo hapo. Usimwambie ajikokote hadi kwako.

Kwa gari lililotumika kuna jambo mimi hulitazama hata kabla ya kufungua boneti. Weka funguo kwenye "on" bila kuwasha injini. Taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, huenda balbu imeungua au waya umekatika, na kuna magari ambayo mtu aliichomoa makusudi ili auze. Gari la namna hiyo lipime presha hata kama mwenyewe hajalalamika.

Kisha chomoa kifimbo cha kupimia oili. Kiwango kikiwa chini, ongeza, halafu tafuta ilikokwenda. Kinuse pia: oili yenye harufu ya petroli imekuwa nyepesi, na iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Zote mbili hushusha presha.

Sasa geji. Fungua swichi ya oili, funga geji ya mshale kwenye tundu lile lile, washa. Mshale usiponyanyuka ndani ya sekunde chache, zima. Ukinyanyuka, iache injini ipate moto kabisa, maana presha ya injini baridi inadanganya. Andika unachokisoma ikiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha piga resi (kanyaga mafuta) taratibu hadi mizunguko 3,000 uandike tena, ulinganishe na kitabu cha injini hiyo. Presha ikiwa sawa huku taa inawaka, ndipo unaruhusiwa kulaumu swichi au waya. Ikiwa nzuri baridi, ikishuka sailensa ya moto na kupanda ukipiga resi, beringi zimelika au oili ni nyepesi mno. Ikiwa ndogo kila mahali, fikiria pampu, au vali yake ya kupunguzia presha iliyokwama wazi. Na ikianguka kadiri unavyoongeza resi, pampu inanyimwa oili: shusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kwenye sampu ndiko nimekuta maajabu mengi ya magari yaliyotumika. Moja nililipokea likiwa tayari limebadilishiwa pampu, na taa bado inawaka. Niliposhusha sampu nikamulika tochi kwenye wavu wa chujio la pampu, niliona vinyuzi vya silikoni vimejisuka humo kama nyuzi za mkeka, na tope jeusi limeziba nafasi iliyobaki. Fundi wa kabla alikuwa amepaka silikoni nyingi kwenye ukingo wa sampu, ya ndani ikakatika ikanyonywa. Niliosha wavu, nikasafisha kingo zote, nikapaka mstari mwembamba. Presha ikarudi na pampu haikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana sipendi dawa za kusafishia injini kwenye gari lenye tope jingi. Zinalibandua tope na kulipeleka kwenye wavu ule ule.

Sampu ikiwa chini, itazame oili uliyomwaga kwenye mwanga. Ikimetameta kwa vumbi la chuma, kata chujio la oili ulikunjue karatasi yake, kisha fungua kofia moja ya koni rodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, uione beringi yake. Beringi iliyolika huonyesha rangi ya shaba chini ya ile ya kijivu. Pitisha ukucha kwenye shingo ya kranki, pale beringi inapokaa. Ukikwama, beringi mpya peke yake haitoshi, kranki inakwenda kuchongwa. Mweleze mteja ukweli huo hata kama bei itamkimbiza.

Ukishafunga, hakikisha mpira wa chujio la zamani haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini, kwa sababu mipira miwili huvuja vibaya. Kata mafuta ya kuwashia ili injini isiwake, zungusha injini kwa staata kidogo kidogo hadi geji inyanyuke, ndipo uwashe. Geji mimi siitoi mpaka injini imepata moto tena, na namba ya sailensa ya moto naiandika, pamoja na kilomita, kwenye karatasi anayoondoka nayo mteja.