Pointi 13 au pointi 1? Namna ya kusoma msimamo wa Ligi Kuu Bara wakati wa viporo

Mkuu, umeuliza inakuwaje timu iwe juu kwa pointi 13 halafu watu waseme mbio za ubingwa bado mbichi. Jibu fupi ni viporo, yaani mechi zilizoahirishwa ambazo timu bado haijazicheza. Jibu refu ni kwamba msimamo wa Ligi Kuu Tanzania Bara, kuanzia mzunguko wa kwanza unapoisha hadi wiki mbili za mwisho, haufai kusomwa kwa safu ya pointi. Ukiusoma hivyo utabishana bure kijiweni.

Chukua msimu wa 2024/25, mwishoni mwa Aprili. Yanga walikuwa wamecheza mechi 26 wana pointi 70. Simba walikuwa wamecheza 22 wana pointi 57, kwa sababu walikuwa bado wanapambana Kombe la Shirikisho Afrika, wakati Yanga walishatolewa hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa tangu Januari. Kwa macho, tofauti ni 13. Sasa fanya hesabu hii: zidisha mechi zilizochezwa kwa 3, kisha toa pointi zilizopo. Yanga: 26 mara 3 ni 78, toa 70, wamepoteza 8. Simba: 22 mara 3 ni 66, toa 57, wamepoteza 9. Tofauti halisi ilikuwa pointi moja.

Hiyo ndiyo safu ninayokushauri uiandike mwenyewe pembeni ya msimamo: pointi zilizopotea. Kushinda hakuigusi, sare inaongeza 2, kufungwa kunaongeza 3. Kizuri chake ni kwamba kiporo hakiiathiri, maana mechi ambayo haijachezwa haijapoteza kitu. Na pointi ikishapotea hairudi. Timu iliyo nyuma kwa pointi zilizopatikana inaweza kukufikia kwa juhudi zake yenyewe. Iliyo nyuma kwa zilizopotea lazima ikuombee mabaya, au ikufunge yenyewe mkikutana.

Tuendelee na msimu huohuo, maana ulifundisha vizuri. Pointi 8 za Yanga zilitoka wapi? Walifungwa na Azam 1-0, wakafungwa na Tabora United 3-1, zote mwanzoni mwa Novemba 2024, kisha wakatoka suluhu na JKT Tanzania Februari 2025. Tatu, tatu, mbili: 8. Za Simba: kufungwa na Yanga 1-0 Oktoba 2024, halafu sare na Coastal Union, Fountain Gate na Azam. Tatu na mbili tatu: 9. Baada ya Februari hakuna aliyedondosha tena, Simba wakashinda viporo vyao vingine vyote, na ligi nzima ikabaki kwenye mechi moja: dabi ya Yanga na Simba ya mzunguko wa pili, iliyopangwa 8 Machi, ikaahirishwa siku yenyewe, ikaja kupigwa 25 Juni 2025. Yanga waliingia na 79, Simba na 78. Sare ilitosha kwa Yanga; Simba walihitaji kushinda tu. Ikaisha 2-0, Yanga wakamaliza na 82.

Kwa hiyo aliyekuwa na safu ya pointi zilizopotea alijua tangu Aprili kwamba dabi ndiyo itakayoamua. Aliyekuwa anatazama ile 13 alishaanza kuagiza jezi ya ubingwa.

Kuna jambo jingine humo watu huwa hawalioni. Ondoa dabi zote mbili kwenye hesabu. Yanga wanabaki na 76 katika mechi 28, Simba wanabaki na 78 katika mechi 28. Yaani dhidi ya timu nyingine 14, Simba walikuwa bora kwa pointi mbili, na ubingwa ukaenda kwingine kwa sababu ya dakika 180. Mechi kati ya wanaogombea nafasi moja huhesabiwa kama pointi sita: tatu unazichukua na tatu unamnyima mwenzako. Ukikuta viporo vya timu mbili zinazofukuzana, kwanza angalia kama kimojawapo ni kati yao wenyewe. Kama ndivyo, usithubutu kuwapa wote wawili ushindi kwenye makadirio yako. Kosa hilo nimeliona mara nyingi mno: mtu anajumlisha "wakishinda viporo vyote" kwa timu mbili ambazo zinakutana.

Sasa, bingwa anaruhusiwa kupoteza ngapi? Tangu ligi irudi kuwa ya timu 16 na mechi 30, Yanga walichukua misimu minne ya mwanzo mfululizo hivi:

2021/22: pointi 74, zilizopotea 16
2022/23: pointi 78, zilizopotea 12
2023/24: pointi 80, zilizopotea 10
2024/25: pointi 82, zilizopotea 8

Tazama mstari wa kwanza. Ule msimu Yanga hawakufungwa hata mechi moja, lakini walitoka sare 8, na sare 8 ni pointi 16. Timu ya 2024/25 ilifungwa mara mbili na bado ikapoteza nusu ya hizo. Azam nao 2013/14 walichukua ubingwa bila kufungwa kwa pointi 62 katika mechi 26, na wao pia ilikuwa 16 zilizopotea. "Bila kufungwa" ni sifa nzuri ya kuimbia, lakini kwenye hesabu sare mbili ni mbaya kuliko kipigo kimoja na ushindi mmoja: unapata pointi 2 badala ya 3. Kocha anayelinda sare ugenini dakika ya 75 kwenye mbio za ubingwa anaunguza pointi mbili akidhani ameokoa moja. (Na tafadhali, suluhu ni 0-0. Ya mabao iitwe sare.)

Ukitaka kulinganisha na misimu ya nyuma zaidi usichukue pointi zikiwa mbichi, kwa sababu idadi ya timu imebadilika mno. Simba walimaliza na 93 mwaka 2018/19, lakini ligi ilikuwa na timu 20 na mechi 38. Gawanya: 93 kwa 38 ni 2.45 kwa mechi. Zile 82 za Yanga kwa mechi 30 ni 2.73. Anayesema 93 ni kubwa kuliko 82 anasema kweli ya kwenye karatasi tu.

Turudi kwenye kiporo chenyewe. Kina thamani gani? Si tatu. Thamani yake ni wastani wa timu husika. Simba wa Aprili 2025 walikuwa na 57 kwa 22, yaani 2.59. Viporo vinne ni 10.4, hivyo makadirio ya haki yalikuwa kama 67 dhidi ya 70 za Yanga. Kwa timu ya juu makosa ya kuhesabu kiporo kuwa tatu ni madogo. Chini ya msimamo ndiko kunakoua. Timu yenye wastani wa 0.9 na viporo viwili inatarajiwa kupata chini ya pointi 2 kwa vyote viwili, wala si 6. Ndiyo maana kule chini sheria inageuka: juu amini pointi zilizopotea, chini amini pointi zilizo mkononi. Timu ya 14 inayosema "tuna viporo viwili, tunatoka" mara nyingi imebakiza viporo hivyo dhidi ya vigogo walioahirishiwa mechi kwa ajili ya michuano ya CAF (Shirikisho la Soka Afrika). Kiporo hicho ni cha kigogo zaidi ya kuwa chako.

Kwa hiyo ukiandika kiporo, andika na mambo matatu: ni na nani, kinapigwa uwanja gani, na kimebanwa kati ya mechi zipi. La uwanja lisichukuliwe juujuu. "Nyumbani" kwenye ratiba si lazima iwe nyumbani. Februari 2024 Simba na Azam, timu zote za Dar es Salaam, zilitoka 1-1 CCM Kirumba, Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Chamazi, uwanja wa Azam. Timu kufungiwa uwanja au kuuhamisha mchezo ni jambo la kila msimu, na safari ya Bukoba, Kigoma au Ruangwa katikati ya wiki si sawa na kuvuka mtaa kutoka Mwenge kwenda Mbweni humohumo Dar. La kubanwa nalo ni hivi: viporo hulipwa kila baada ya siku tatu au nne, mwishoni mwa msimu, wachezaji wakiwa na kadi za njano zilizokusanyika na misuli imechoka. Timu yenye kikosi kipana hulipa viporo vyake vyote. Yenye wachezaji 13 wa kutegemewa hushinda cha kwanza, hutoka sare cha pili, na cha tatu inajuta.

Pointi zikilingana, kwetu kinachofuata ni tofauti ya mabao, si matokeo ya timu hizo zilipokutana. Wengi wanachanganya na kanuni za CAF za makundi. Ushahidi upo wazi: 2023/24 Azam na Simba walimaliza wote na pointi 69. Walipokutana ilikuwa ile 1-1 ya Kirumba na Simba 3-0 ya Mei 2024, maana yake Simba walichukua pointi 4 kati ya 6. Bado Azam ndio waliomaliza wa pili kwa mabao na kwenda Ligi ya Mabingwa, Simba wakaenda Shirikisho. Hata ubingwa umewahi kuamuliwa hivyo: 2010/11 Yanga na Simba wote walikuwa na 49, Yanga wakabeba. Kwa hiyo bao la nne kwenye mechi iliyokwisha kuamuliwa si mbwembwe. Azam wa 2023/24 walianza msimu Chamazi na Kitayosce iliyoingia na wachezaji wanane kwa matatizo ya usajili, mchezo ukavunjika mapema ikiwa 4-0. Mabao manne siku ya kwanza, ambayo mwezi Mei unayahitaji.

Mabao hayo ndiyo yanayofanya programu za simu zikosee pia. Baadhi hupanga timu zilizolingana kwa kigezo cha ligi nyingine, au kwa alfabeti, au huchelewa kuingiza mchezo uliovunjika. Ukiona mbili zimelingana, hesabu mwenyewe kufunga toa kufungwa.

Kwenye nafasi za kimataifa nitapita haraka. Nchi ina tiketi nne: bingwa na wa pili Ligi ya Mabingwa; Shirikisho ni wa tatu na bingwa wa Kombe la Shirikisho la ndani. Bingwa wa kombe akiwa tayari ana tiketi kupitia ligi, ya kwake inashuka kwa wa nne. Ndivyo Coastal Union walivyopanda ndege baada ya kumaliza wa nne 2023/24, kwa sababu Yanga walibeba vyote viwili. Kwa maneno mengine, kuanzia nusu fainali ya kombe, shabiki wa timu ya nne ana sababu ya kuishangilia timu ya kwanza.

Mkiani kuna mistari miwili, na watu huona mmoja. Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja. Wa 13 na wa 14 wanacheza mtoano nyumbani na ugenini. Mshindi anabaki, aliyefungwa anapewa nafasi nyingine dhidi ya timu iliyotoka kwenye mtoano wa Championship, ligi ya daraja la chini yake. 2024/25 Kagera Sugar na KenGold walishuka, Prisons wakaitoa Fountain Gate, na Fountain Gate ikaponea kwa Stand United. Hivyo tofauti kati ya 14 na 15 ni kubwa kuliko kati ya 13 na 14, na timu yenye akili mwezi Mei inapigania kwanza kuikimbia 15. Kabla ya kuhesabu, hakikisha kanuni ya msimu husika: 2020/21 zilishuka nne kwa mpigo, Gwambina, JKT Tanzania, Ihefu na Mwadui, kwa kuwa ligi ilikuwa inapunguzwa kutoka 18 hadi 16.

Kujua kama jambo limeshafungwa rasmi, chukua pointi za anayekufukuza, ongeza mechi zake zilizobaki mara 3. Ikiwa jumla haifikii pointi zako, basi imekwisha. Ikizifikia sawasawa, haijaisha, angalia mabao. Usitumie raundi ya ratiba kuhesabu mechi zilizobaki. Toa mechi alizocheza kwenye 30. Raundi ya 27 inaweza kumkuta mtu ana mechi 24.

Tahadhari ya mwisho kwa wanaochimba misimamo ya zamani: majina yanahama. Singida Big Stars ikawa Singida Fountain Gate, kisha Fountain Gate ya Babati. Kitayosce ilikuja kuwa Tabora United. Na ukiikuta Ihefu kwenye msimamo wa 2023/24 halafu 2024/25 huioni, haikushuka. Itafute kwa jina la Singida Black Stars, wala usiichanganye na ile Singida nyingine.