Bolskruu inashikwa upande mmoja, ule mwengine unaachiwa

Juzi kuna kijana wa Likoni kaniandikia, ati kabadilisha milingi mashini (ya kukatia chuma) ya mkono kuwa CNC, yaani ya kuendeshwa na kompyuta, kila kitu kinazunguka lakini akikata duara linatoka na alama nne, alafu bolskruu (ile skruu ndefu ya kusukuma meza, nati yake ina gololi ndani) ya eksi ya X, njia ya meza kushoto na kulia, inalia meza ikikaribia mwisho. Anauliza aongeze mota kubwa ama abadilishe programu. Yakhe, acha mota, acha programu. Alama nne ni pale eksi inapogeuza njia, yaani mahali pana plei, ule ulegevu wa kucheza kabla meza haijasogea, na kulia kule mwisho ni skruu haikukaa sambamba na njia ya meza. Ntakueleza, lakini kwanza nivumilie nitoe langu manake limenikaa moyoni miaka.

Nilikua nafanya kazi karakana moja hapa mjini, siitaji. Ikaja milingi ya zamani, skruu zake zimelika katikati, wazungusha hendeli robo nzima ndo meza inaamka. Tukaagiza bolskruu za 1605 kutoka Uchina, 1605 maana yake unene 16 mm na kila mzunguko meza yaenda 5 mm. Nikamwambia bosi tuagize na BK12 na BF12 zake kabisa, vile vishikio vyenye beringi vya ncha mbili za skruu. Akakataa. Ati tuchonge vyuma viwili, tutie beringi za kawaida huku na huku, tuchomelee, kwisha. Nikasema ile joto ya kuchomelea itavuta vyuma na zile beringi hazijaundwa kubeba msukumo wa mbele na nyuma. Nilivochekwa! Mbele ya vijana wa spana, "we ulisomea wapi hayo?"

Haya, ikachomelewa. Meza katikati nyepesi, pembeni nzito mpaka stepa, mota inayozunguka kwa hatua, inaruka hatua. Kimya kila mtu. Mwisho nikanunua BK na BF kwa pesa yangu mfukoni, nikakata zile takataka na grainda nikaanza upya, na ile mashini ikawa inakata duara hata ukilipima na vernia huku na huku ni lile lile. Picha zake wakaonyeshwa wateja kama kazi ya bosi. Jina langu halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Sasa tuje kwako. BK ndo upande wa mota, ndani mna beringi mbili zilizopangwa kubana skruu isiende mbele wala nyuma. BF kule mwisho ni beringi moja ya kawaida na sakilipi (pete ya kuishika isitoke), kazi yake kuzuia skruu isiyumbe tu, huko iachwe ipumue. Ukibana pande zote mbili, chini ya mabati yetu haya saa nane mchana skruu ikipata joto itaenda wapi? Chuma cha mita moja kikipanda digrii 10 kinarefuka zaidi ya 0.1 mm. Itapinda, haina njia nyengine. Na usitegemee kaplingi, kile kiungo cha mota na skruu, ibebe msukumo, zile za alumini zenye mkato wa mzunguko zinavutika kama springi, plei yako mpya hiyo.

Zile BK za bei rahisi zifungue kabla ya kuzitia, wakati mwengine beringi zimegeuzwa vibaya ama wameweka za kawaida. Nati yake ya mwisho ikaze mpaka plei iishe lakini shafti bado yazunguka kwa vidole, alafu ndo ufunge kile kiskrubu kidogo cha pembeni, usisahau hicho.

Kwenye kupanga hakuna haraka. Dayal geji (kipimo cha mshale) juu ya skruu, alafu ubavuni, huku na huku, mpaka ikae sambamba na reli. BK ikiwa chini ukiinua na kibati cha kopo la soda ni kama 0.1 mm, hiyo ndo shimu ya bei ya bure. Kisha sogeza meza mpaka nati ya bolskruu iwe karibu na BK, kaza. Peleka meza kule mwisho, kaza BF. BF mwisho. Narudia manake najua hamsikii, BF mwisho.

Vijana wa siku hizi mna shida moja, mwakimbilia mota kubwa mpate video ya kuposti, chuma chenyewe kimekaa upande. Ufundi ni subira jamani. Na grisi pia, hewa yetu hii ya chumvi ukiiacha skruu kavu wiki mbili tatu utaikuta na kutu.

Kabla hujafungua chochote pima hivi: mwisho wa skruu upande wa BF mara nyingi pana kitundu cha katikati, bandika gololi ndogo na grisi, gusisha ncha ya dayal geji hapo. Washa mota zishike skruu isizunguke, sukuma meza kwa mkono huku na huku. Mshale ukicheza, skruu nzima inatembea, shida ni BK. Mshale ukitulia na meza bado inacheza, angalia nati ya bolskruu na bolti za mabano yake. Nitumie picha ukishapima.