Mdogo wangu unayeenda Marekani kucheza basketi, isome barua yako

Wiki iliyopita nipo uwanja wa Don Bosco Upanga, Dar, binti mmoja kanifata, dada nimepata chuo Marekani! Nikamkumbatia mpaka mpira ukamdondoka. Nikamuuliza, barua inasema wanakulipia miaka mingapi? Akanyamaza.

Na mimi sikujua. Niliondoka 2010, mwaka mmoja baada ya Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet kuchaguliwa namba 2 kuingia NBA, ligi kuu ya basketi Marekani, na kipindi hicho kila mtoto mrefu Dar alikuwa anaambiwa na wewe utatoka. Nikaenda Texas, chuo cha Divisheni 1 (daraja la juu la michezo ya vyuo), ada, chakula na malazi vyote wanalipa wao, mama analia eapoti akijua mwanae keshasomeshwa mpaka digrii. Kumbe skolashipu za michezo enzi zile zilikuwa za mwaka mmoja mmoja, kila mwaka wanaamua wakuongezee au wakuache (za miaka mingi ziliruhusiwa 2012).

Mwaka wa tatu nikaumia goti. Wala haikuwa mechi, ni mazoezi tu, nimeruka kuchukua ribaundi nikatua na mguu mmoja, nikasikia pa! kama kijiti kikavu kimevunjwa. Ligamenti imechanika, ule utepe unaoshika mifupa ya goti. Sisi wanawake tunaumia hiyo kuliko wanaume, ila mi nililijua hilo nikiwa tayari kitandani. Ikaja barua, hawaniongezei. Chini kabisa imeandikwa una haki ya kukata rufaa, sikufika huko, nililia wiki nzima nayo ikiwa chini ya mto.

Lakini kinachoniuma mpaka leo ni kozi. Nilitaka unesi. Kocha akasema vipindi vya hospitali vinagongana na mazoezi, chukua kozi nyepesi, nikakubali kwa sababu kichwani nilikuwa WNBA tayari, NBA ya wanawake. Hebu tupige hesabu ambayo mi hakuna aliyenipigia: WNBA ya wakati ule timu 12, wachezaji 11 kila timu, nafasi 132 dunia nzima na zina wenyewe. Divisheni 1 peke yake ilikuwa na timu zaidi ya 300 na kila moja iliruhusiwa skolashipu 15!

Kwa hiyo kabla hujasaini, taja kozi unayoitaka na uombe ratiba yake kwa maandishi, uliza ukiumia nani analipa opereshen na mpaka lini, halafu watafute wasichana wa mwaka wa nne uongee nao kocha akiwa hayupo. Na usijidanganye kwamba mambo yakiharibika utafanya kazi mtaani, viza ya mwanafunzi hairuhusu hivi hivi, mi nilikuwa naosha trei mgahawa wa chuo na mwisho ni masaa 20 kwa wiki.

Unesi nimeusoma nyumbani nikiwa na miaka 29, darasa moja na watoto wa kumi na nane.

Yule binti kanitumia barua yake WhatsApp jana usiku, tumeisoma mstari kwa mstari mpaka saa saba. Anataka famasia. Asubuhi kamwandikia kocha kuomba ratiba, anasubiri jibu.