Venus wa Rokeby Hakuzaliwa Rokeby

Wadogo zangu, wiki hii nimesahihisha faili zenu tatu za mazoezi kuhusu nani alimiliki Venus wa Rokeby, mchoro wa Velázquez, mchoraji wa Hispania, na zote tatu zimeandika wamiliki "Godoy, kisha Morritt". Nimecheka peke yangu, halafu nikanyamaza, maana hata mimi nilishaandika hivyo hivyo.

1. Anzeni na mgongo wa turubai, ndiko wamiliki huacha alama. Sura ya picha haitakimbia.

2. Jina la picha si cheti cha kuzaliwa. Rokeby lilikuwa jumba la John Morritt, Mwingereza aliyeinunua baadaye, enzi hizo kule Yorkshire; Velázquez hakulijua. Wataalamu waliukagua mchoro wakasema ni kazi ya miaka yake ya mwisho, mpaka ikaibuka orodha ya mali ya Gaspar de Haro, mkabaila wa Hispania, ya Juni 1651. Wakafuta.

3. Mshale haufuniki shimo. Hapa nivumilieni.

Nilikuwa mgeni kazini kama ninyi. Nikachora mnyororo wa umiliki kwa wino mwekundu: de Haro, bintiye Catalina aliyeolewa ukoo wa Alba mwaka 1688, Alba hadi 1802, Godoy waziri wa Hispania, Morritt. Nikausimamia mbele ya wakubwa, nimevaa suti ya kuazima. Mama mmoja wa nyaraka alikuwa anamenya chungwa.

"Mwanangu, Godoy alimuuzia Morritt lini?"

"1813, mama."

"Akiwa wapi?"

Jamani. Godoy aliangushwa Machi 1808, mali zake zikakamatwa, mwenyewe akaishia ugenini. Hispania ikawaka vita na majeshi ya Napoleon. Katika vurugu hizo picha ikapita kwa Wallis, wakala wa dalali William Buchanan, ikafika Uingereza 1813. Mimi vita nzima nilikuwa nimeimeza kwa mshale wa sentimita mbili! Ningesema tu "sijui, mama", yangeisha. Badala yake nikajibu, kwa sauti ya kujiamini kabisa: "Waliuziana kwa barua."

Chumba kizima kilicheka. Mama hakucheka. Alinikatia kipande cha chungwa, nikakila nimesimama, kalamu nyekundu mkononi.

4. Mikato ya Mary Richardson, mpigania kura za wanawake aliyeikatakata picha 10 Machi 1914, iko kwenye ripoti ya hali ya picha. Nani kaiweka kwenye umiliki? Yule dada alikuja na shoka la bucha, hakuja na hundi.

5. Bei iandikwe pamoja na mlipaji: Morritt pauni 500, mwaka 1906 mfuko wa National Art Collections Fund ukaichukua kwa pauni 45,000, ukaikabidhi National Gallery, jumba la sanaa la London.

6. Someni barua za wenye mali, hata za upuuzi. Morritt alimtania rafiki yake mwandishi Walter Scott kwamba makalio ya Venus ameyatundika juu kabisa ya meko, wanawake wenye haya wapite wameinamisha macho. Utani huo ndio unaotuambia picha ilikaa ukuta gani.

Kwa hiyo barua zipo, ila si ile yangu.

Faili zenu ziko mezani. Jumatatu naleta machungwa.