Nguvu ya kurusha mpira wa mikono haianzii begani

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wasichana wako, ambao hupiga pushapu kila asubuhi, bado wanarusha mipira inayodakwa kirahisi na kipa wanapofyatua kutoka mita 9. Pushapu si mbaya, ila kasi ya mpira huanzia kwenye mguu unaokanyaga mbele, ikapanda kwenye nyonga na kiwiliwili, ndipo ikafika begani na kiganjani. Mchezaji ambaye goti la mguu huo hulegea hurusha kwa nguvu za mkono pekee.

Kwa hiyo, mara 2 kwa wiki, siku zisizofuatana, wachuchumae wakiwa na uzito mabegani, kisha warushe ukutani mpira mzito wa kilo 1 kwa kuzungusha kiuno, mirusho 6 kwa kila raundi, wakipumzika mara kasi inapopungua. Mpira wao wa ukubwa namba 2 una gramu 325 hadi 375 tu, hivyo uzito wa kupindukia huharibu mtindo (mimi huuondoa kiwiko kikianza kushuka chini ya bega).

Misuli ya nyuma ya bega, inayoufungia mkono breki baada ya mpira kutoka, ifanyishwe mazoezi kwa kuvuta tyubu ya baiskeli iliyofungwa kwenye mlingoti wa goli, taratibu. Mwenye maumivu ya bega asirushe kabla ya kuonwa na daktari.